ASKARI WA KISIWA CHA ROBBEN: MCHANA WANASHIKA FUNGUO, USIKU WANAFUNGIWA NDANI NA WAFUNGWA

Saa 2 usiku, kwenye lile jengo la wafungwa wa kisiasa, zamu ya usiku ilianza kwa kitu cha ajabu kidogo. Askari anaingia kwenye korido yenye selo pande zote mbili, anajifungia mlango mkubwa kwa ndani, halafu anapitisha ufunguo kwenye kitundu cha mlango na kumpa mwenzake aliye nje. Basi. Kuanzia hapo mpaka alfajiri hatoki. Kukitokea lolote hana ufunguo wa kufungulia, na hiyo ndiyo ilikuwa akili ya wakubwa: mfungwa akimkaba askari hana cha kumnyang'anya. Kwa hiyo yule kijana alikuwa analala macho, amefungiwa kama wale anaowalinda. Tofauti yao ni kwamba yeye anatembea kwenye korido na wao wako kila mtu na selo yake.

Ukitajwa Kisiwa cha Robben kila mtu anamuwaza Mandela, na ni haki yake, miaka 18 kati ya 27 ya kifungo aliipigia pale. Lakini gereza halijiendeshi lenyewe. Kuna watu walikuwa wanaamka kabla ya wafungwa, wanavaa magwanda, wanapiga kengele, wanahesabu vichwa, wanasoma barua za watu na kuzikata. Hao mara nyingi wanatajwa kwa mkupuo tu, "Makaburu", habari inaishia hapo. Ukiangalia siku yao ilivyokwenda toka asubuhi mpaka usiku, unaona mambo mengi ambayo kwenye muvi hayapo.

Kisiwa chenyewe ni kidogo, kama kilomita 5 za mraba, na kutoka ufukwe wa karibu ni kama kilomita 7. Ukisimama pale unauona mji wa Cape Town na mlima wake wa Meza vizuri kabisa, ila maji ni ya baridi kali na mkondo wake si wa kuchezea. Waholanzi walipeleka wafungwa pale tangu miaka ya 1600. Kuanzia 1846 mpaka 1931 palikuwa kambi ya wagonjwa wa ukoma. Vita Kuu ya Pili wakaweka mizinga. Mwaka 1961 serikali ya ubaguzi wa rangi ikapageuza tena gereza, na wafungwa wa kisiasa wa mwisho waliondoka 1991. Wahalifu wa kawaida walibaki mpaka 1996.

WALIKUWA WATOTO WA NANI

Mandela alifika kisiwani kwa mara ya kwanza mwaka 1963, akakaa muda mfupi tu. Alikuwa anatumikia miaka mitano, kwa kosa la kuchochea mgomo na la kutoka nje ya nchi bila pasipoti. Hiyo safari Watanzania tuna sehemu yetu, maana Januari 1962 alipitia Mbeya na kuja Dar es Salaam kuonana na Mwalimu Nyerere. Wakati huo kisiwani kulikuwa bado kuna askari machotara, na baadhi yao walikuwa wanawapenyezea wafungwa tumbaku, mkate na habari za mjini. Aliporudi Juni 1964, safari hii na kifungo cha maisha, machotara wote walikuwa wameondolewa. Askari wote Wazungu, na karibu wote wanaongea Kikaburu.

Hawakuwa Wazungu wa maisha ya juu. Wengi walitoka mashambani au familia za kawaida, shule waliishia njiani, na kazi ya magereza ilikuwa ya uhakika: mshahara wa serikali, sare, kota. Baadaye, toka mwisho wa miaka ya 1960, kila kijana wa Kizungu alitakiwa kwenda jeshini kwa lazima, na vita vya mpakani na Angola vilipopamba moto kuna waliochagua magereza kusudi wasipelekwe huko. Kwa hiyo unakuta kijana wa miaka 18 au 19, ndevu bado hazijakolea, anakabidhiwa rungu na kuambiwa hawa ni magaidi hatari kuliko wote nchini. Hao magaidi wenyewe walikuwa wanasheria, walimu, viongozi wa vyama vya wafanyakazi, na mmoja alikuwa na shahada ya udaktari kutoka chuo kikuu cha Ujerumani. Yaani mlinzi wa darasa la nane anamlinda profesa. Hapo lazima kitu kiharibike.

Wenye familia waliishi kwenye kijiji chao hapo hapo kisiwani. Kulikuwa na nyumba, kanisa, duka, shule ya watoto, na klabu ya kunywa bia jioni. Makapera walikaa kwenye mabweni yao. Mahitaji yote yalikuja kwa boti, na bahari ikichafuka wakati wa baridi boti haiendi. Hakuna pa kutembea, sura ni zile zile, umbea ni ule ule, na saa za kazi ni kelele na milango ya chuma. Halafu kuna sheria ya magereza ya mwaka 1959 iliyofanya habari za ndani ya gereza kuwa kitu cha hatari kuandika magazetini. Kwa hiyo hata askari akienda likizo kwao alitakiwa afunge mdomo.

SIKU INAVYOANZA

Saa 11:30 alfajiri askari wa usiku anapiga kengele ya shaba koridoni na kupiga kelele kwa Kikaburu: amkeni, simameni! Lakini milango hafungui. Wafungwa wanakunja mablanketi na kusafisha selo, wanakaa mpaka saa 12:45 ndiyo wanafunguliwa kwenda kumwaga ndoo za haja. Mahabusu wa Bongo wanaijua hiyo ndoo, ndiyo mtondoo. Askari wa zamu ya asubuhi kazi yake ya kwanza ni kusimama karibu na pale mtondoo unapooshwa, na ndiyo maana wafungwa walipapenda sana pale mahali. Harufu ilikuwa inamsukuma askari pembeni, wao wanapata dakika mbili tatu za kuongea.

Baada ya hapo uji wa mahindi, kisha ukaguzi. Mfungwa anavua kofia, askari anapita kuangalia vifungo vya koti. Ukikosa kifungo kimoja au kofia ukaisahau kichwani, unaandikiwa kosa, unakosa chakula au unapelekwa selo ya peke yako. Kila kitu kilikuwa na rangi. Mwafrika alipewa kaptula kama mtoto wa shule, wakati machotara na Wahindi walipewa suruali ndefu. Wao mkate walikuwa wanapata, Mwafrika hapewi, anapewa mahindi. Hata sukari ya uji iligawiwa kwa rangi, Mwafrika anapunjwa nusu kijiko. Askari ndiye alikuwa mpimaji wa huo upuuzi kila siku asubuhi, na lazima apime vizuri maana juu yake kuna mkubwa anayemkagua yeye.

Halafu kazini. Kuanzia Januari 1965 kundi la Mandela lilipelekwa machimbo ya chokaa. Waliambiwa ni miezi sita tu, ikawa miaka 13. Askari wenye bunduki wanasimama juu ukingoni, wengine wanashuka chini na wafungwa, na kazi yao kubwa ni kupiga kelele: endelea, endelea! Chokaa ile jua likiiwakia inarudisha mwanga kama kioo, macho yanauma mpaka mtu hawezi kuyafumbua vizuri jioni. Wafungwa waliomba miwani ya jua, ikachukua karibu miaka mitatu kukubaliwa, na wengi macho yao hayakupona tena. Ule mwanga haukuchagua rangi. Askari aliyesimama pale kutwa nzima naye aliumwa na jua, tofauti alikuwa na kofia, kivuli cha kujibanza na ruhusa ya kugeuka upande mwingine.

Kuna wakati walipelekwa ufukweni kuvuna mwani. Mpemba au mtu wa Paje angeijua hiyo kazi kwa macho, ila pale maji ni ya barafu na mwani ulikuwa unaanikwa na kusafirishwa Japani. Ajabu ni kwamba hapo askari walilegea. Upepo wa bahari, samaki aina aina, kome wa kuchemsha kwenye mkebe, na wao wenyewe wakawa wanasogea kuonja. Msosi wa baharini ulikuwa mtamu kuliko wa kantini yao.

Jioni saa 10 kazi inaisha, wanarudi, wanaoga maji ya chumvi ya baridi kwa nusu saa, wanahesabiwa, saa 10:30 wanapewa chakula ndani ya selo na milango inafungwa. Hakuna tangazo la kuzima taa, kwa sababu taa haizimwi. Balbu inawaka usiku na mchana. Saa 2 usiku ndiyo anaingia yule kijana wa kujifungia, anapita kuchungulia: lala, lala! Waliopewa ruhusa ya kusoma kwa posta wanaachwa mpaka saa 4 au 5 usiku.

Usiku ndipo palikuwa na mchezo wa paka na panya. Baadhi ya askari walikuwa wananyata ili wawakute watu wanaongea au wamejificha na kikaratasi. Wafungwa wakagundua dawa. Wakirudi kazini wanakuja na mchanga kidogo mkononi, wanaunyunyiza koridoni. Askari akikanyaga, mchanga unalia. Kijana amenyata kwa akili yake yote, kumbe kila hatua inasikika kwenye kila selo.

"BAAS"

Ugomvi mkubwa wa kila siku ulikuwa wa maneno. Askari walitaka waitwe "baas", yaani bwana mkubwa. Wafungwa wa kisiasa wakagoma. Sasa fikiria una miaka 19, mkubwa wako amekuambia usipoitwa baas umedharauliwa, na mbele yako kuna mzee wa miaka 50 anakutazama usoni anakwambia kwa upole kabisa kwamba hakuiti hivyo. Ufanye nini? Ukimpiga atapeleka malalamiko kwa wakili, ukimwacha wenzako watakucheka klabuni.

Mfano mzuri ni wa mwaka 1966. Septemba 6 waziri mkuu wa Makaburu alichomwa kisu ndani ya Bunge akafa. Kisiwani hasira zote zikashukia wafungwa kana kwamba wao ndio waliokuwa wameshika kisu. Haukupita muda akaletwa askari mpya mwenye sifa ya ukatili, mkononi ana chale ya alama ya Wanazi. Huyu jamaa kila siku alikuwa anatembea na kibegi cha kubebea chakula chake, na desturi ilikuwa kumtupia mfungwa akibebe. Wafungwa wakakataa kukibeba. Wakampa na jina la utani la hicho kibegi, na jina likamganda. Yeye alilipiza kwa kuwaandikia makosa kila siku, na ikafika mahali anakojoa karibu kabisa na meza yao ya chakula.

Siku moja machimboni watu wanabishana huku wanachimba, wanacheka, askari mmoja akashindwa kuvumilia. Akataka awakemee kwa Kiingereza, ambacho si lugha yake, kwamba mnaongea sana na kazi hamfanyi. Kiingereza kikamgeuka mdomoni, neno likatoka silo. Wafungwa wakacheka mpaka wakainama. Lakini mkuu akaitwa, pingu zikaletwa, baadhi wakapelekwa selo za adhabu na baada ya hapo ikawa kimya machimboni. Unaona kicheko kimoja kilivyokuwa na gharama.

Tusipake rangi lakini. Si kila siku ilikuwa ya vichekesho. Miaka ya mwanzo, kabla macho ya dunia hayajageukia kisiwa, kuna askari walikuwa wanapiga watu kwa virungu na mipini ya sururu kama kazi ya kawaida, hasa kwa wale wafungwa wasiojulikana sana waliolala kwenye mabweni makubwa. Mfungwa mmoja wa chama cha PAC alifukiwa ardhini akabaki kichwa, akaachwa kwenye jua, na alipoomba maji askari akamkojolea. Huyo askari jioni alirudi kijijini kwake, akala na kulala. Hili nalo ni sehemu ya maisha ya kila siku ya askari magereza, na yeyote anayesimulia habari ya kisiwa hiki kama hadithi ya urafiki tu anawadanganya watu.

Mwaka 1970 akaja mkuu mpya wa gereza, na huyo alikuja na amri ya kunyoosha watu. Magodoro yanapekuliwa, vitabu vinachukuliwa, matusi asubuhi mpaka jioni. Usiku mmoja wa baridi mwaka 1971 askari wakaingia selo wamelewa, wakawavua wafungwa nguo zote na kuwasimamisha ukutani mikono juu, karibu saa nzima. Mzee mmoja akaanguka kwa maumivu ya kifua. Baadaye majaji watatu walikuja kukagua, Mandela akawaeleza kipigo alichopata mwenzake mbele ya huyo huyo mkuu, na mkuu akashindwa kujizuia, akaanza kumtisha hapo hapo mbele ya majaji. Mandela akawageukia akawaambia, kwa maana hiyo: kama anaweza kunitisha nyie mpo, mnadhani mkiondoka inakuwaje? Miezi mitatu haikuisha mkuu akahamishwa. Siku chache kabla ya kuondoka kwake Mandela aliitwa ofisini, na yule yule mtu wa matusi akamtakia yeye na wenzake heri. Mandela alikuja kuandika kwamba siku hiyo aliona kuwa ukatili wa yule mtu haukuwa tumboni mwake tangu kuzaliwa, bali mfumo ulimlipa kwa kuwa mkatili. Ni maelezo ya mtu mwenye moyo mkubwa. Aliyepigwa usiku ule anaweza kuwa na maelezo mengine.

ASKARI NAO WAKAGOMA KULA

Hii ni stori ambayo wengi hawaijui. Julai 1966 wafungwa waligoma kula kwa sababu ya chakula kibovu na kazi. Wakubwa wakafanya ujanja: wakaanza kupika vizuri ghafla, mboga inaonekana, nyama inaonekana, mafuta yanaelea juu, askari wanasimama pembeni wanatabasamu wakisubiri watu washindwe. Hawakushindwa. Ghafla ikaonekana askari wenyewe hawaendi kantini. Kumbe nao wamegoma! Haikuwa kwa kuwaunga mkono wafungwa, la. Walisema kama wafungwa wanaweza kudai, na wao wanadai: chakula bora na makazi bora. Serikali ikajikuta inagomewa kote kote. Ikamalizana kwanza na askari, na siku moja au mbili baadaye ikakaa na wafungwa.

Hapo ndipo unajua hali ya yule askari ilikuwaje. Alikuwa juu ya mfungwa kwa kila kitu, lakini kwa mkubwa wake hakuwa kitu. Chakula chake nacho kilikuwa cha kulalamikia.

Na chakula hicho hicho kilikuwa mlango wa siri. Wafungwa walinyimwa magazeti kabisa kwa miaka mingi, kwa hiyo habari ilikuwa kama dhahabu. Askari anakuja na mkate wake umefungwa kwenye gazeti, anakula, anatupa. Wafungwa wanaliokota kwenye takataka, wanalikung'uta, wanalificha ndani ya shati na usiku wanalisoma. Mandela mwenyewe siku moja aliliona gazeti limeachwa kwenye benchi, akalichukua, akazama kusoma mpaka hakusikia hatua za askari. Ilimgharimu siku tatu za selo ya peke yake bila chakula cha kawaida.

KUSOMA BARUA ZA WATU

Kazi nyingine ya askari ilikuwa ofisini, na pengine ndiyo iliyoumiza zaidi bila kumwaga damu. Mfungwa mpya wa kisiasa aliwekwa daraja la chini kabisa, D. Hapo ni barua moja kwa miezi sita, maneno 500, na mgeni mmoja kwa miezi sita, nusu saa. Habari za familia tu. Barua inapitia kwa askari mkaguzi, naye akiona sentensi asiyoipenda anaipaka wino. Wafungwa wakajifunza kuosha wino na kusoma chini yake, basi wakaguzi wakaacha wino na kuanza kutumia wembe. Shida ya wembe ni kwamba barua imeandikwa pande zote mbili, ukikata mstari wa mbele umekata na wa nyuma. Mtu anapokea barua ya mke wake imekuwa kama wavu.

Fikiria huyo mkaguzi. Anajua mke wa fulani amefukuzwa kazi, mtoto wa fulani anaumwa, kabla mwenyewe hajajua. Siku ya mgeni ndiye anasimama nyuma ya mfungwa, mwenzake nyuma ya mgeni upande wa pili wa kioo, wanasikiliza. Likitajwa jina wasilolijua wanakatiza: huyo nani? Hawaruhusiwi kuongea Kixhosa, kwa sababu mlinzi hakielewi. Mama yake Mandela alikuja kumwona, bibi wa kijijini, na mwaka 1968 akafariki. Mwaka uliofuata mtoto wake mkubwa wa kiume akafa kwa ajali ya gari. Mara zote mbili aliomba kwenda kuzika, akakataliwa. Jibu lilipita mikononi mwa watu hao hao wa ofisini.

VIJANA WA BAADAYE

Taratibu mambo yakageuka, na si kwa sababu serikali ilipata huruma. Msalaba Mwekundu walikuwa wanatembelea, dunia inapiga kelele, na wafungwa wenyewe walikuwa na sera yao: mfundishe anayekulinda. Mandela alijifunza Kikaburu kwa posta na kuwashauri wenzake wafanye hivyo. Ukijua lugha ya mtu unajua kinachomuudhi na kinachomfurahisha. Wapo askari walioanza kumletea matatizo yao ya kisheria, yaani mlinzi anamwendea mfungwa amsaidie kesi! Wapo waliosaidiwa kazi zao za masomo. Kazi ngumu machimboni ilikoma karibu na 1977, baada ya hapo askari wengine walikuwa wanakaa tu kuangalia watu wakicheza tenisi na kulima nyanya.

Mwaka 1978 akaja kijana mdogo, mtoto wa shamba, ambaye hakuwa ameelewa vizuri huyo Mandela ni nani. Alimkuta mzee wa miaka 60 anayemsalimia kwa adabu na kumuuliza habari za wazazi wake. Karibu na 1980 mke wa Mandela alikuja kisiwani amembeba mjukuu mchanga ndani ya blanketi. Sheria ilikataza watoto. Mama akaambiwa amwache mtoto chumba cha kusubiria. Mandela aliomba angalau amwone kwa mbali, akakataliwa, kama sheria inavyosema. Halafu, maongezi yalipoisha, yule kijana akamchukua mtoto kwa mlango mwingine, akamweka mikononi mwa babu yake kwa muda mfupi sana. Mandela akambusu. Hakuna aliyesema neno, maana kama ingejulikana kijana angepoteza kibarua, pengine na yeye angeishia upande wa pili wa nondo. Siri ilikaa miaka mingi.

Mwingine ni dereva. Huyu ndiye aliyekuwa anaendesha lori la kuwapeleka wafungwa machimboni, na alikuwa akipita makusudi kwenye mashimo ili waliomo nyuma warushwe rushwe. Miaka ikaenda. Machi 1982 Mandela akahamishiwa gereza la Pollsmoor, na Desemba 1988 akapelekwa kwenye nyumba ndani ya gereza la Victor Verster, ambako alipewa askari wa kumpikia. Nani? Yule yule dereva. Mwenyewe ndiye aliyemkumbusha Mandela zile safari za lori. Sasa akawa anamwokea mkate wa ngano isiyokobolewa, na wanagombana nani aoshe vyombo, maana Mandela hakukubali mtu ampikie halafu amwoshee na sahani. Waliwahi kubishana hadi kuhusu mvinyo wa kuwapa wageni, dereva anasema mtamu kidogo, Mandela anasema wageni wake wanapenda mkavu. Zikawekwa chupa zote mbili mezani, wageni wakachagua mkavu.

Kuna mmoja zaidi ambaye wapenzi wa muvi wanamjua. Alikuwa mkaguzi wa barua, mwaka 1995 akatoa kitabu kuhusu maisha yake na Mandela, na 2007 kikawa filamu ya Goodbye Bafana, Dennis Haysbert akicheza kama Mandela na Joseph Fiennes kama askari. Ni filamu nzuri ya kuangalia Jumapili jioni. Tatizo ni kwamba watu wa karibu na Mandela walisema jamaa ametia chumvi nyingi, kwamba ukaribu anaousimulia mwingi aliutoa kwenye barua alizokuwa anazisoma kikazi. Kwa hiyo ukitazama ile filamu, kumbuka kwamba msimuliaji ni mtu aliyelipwa kusoma siri za mwenzake. Hata hivyo Mei 10, 1994, Mandela alipoapishwa kuwa rais, yeye alikuwa kwenye orodha ya waalikwa.

Wengi wao hawakualikwa popote. Gereza lilipofungwa 1996 kijiji kikabaki bila askari, na Januari 1997 kisiwa kikawa makumbusho. Leo wanaowatembeza watalii ndani ya selo ni waliokuwa wafungwa. Yule kijana wa mwaka 1978 naye alirudi, akapata kazi kwenye duka la makumbusho, akawa anauza vitabu na kadi zenye picha ya selo alizokuwa anazifunga.